Wageni Ishirini na Watatu wa Mwinshehe

Jumapili, 11 Julai 2004

Wamekuja wawili baada ya misa yao, bado na nguo za kanisani. Jovita — Mama Hope, jirani yangu hapa Bagara, zamani mtunza stoo wa hospitali — na Tadeo anayeongoza kwaya. Shikamoo, marahaba, viti, chai. Kisha Jovita akatoa daftari, nikajua hawakuja kunijulia hali.

Parokia inataka kwenda hija ya miguu. Kutoka Kunduchi kwa kufuata ufuko mpaka Bagamoyo, kwenye msalaba wa wamisionari wa kwanza. Siku nne. Watu ishirini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulowa maji ya chumvi. Wanataka waandikiwe njia: walale wapi, wavuke wapi, wavae nini, wakifika kwa watu waseme nini. Na mtu wa pwani wanayemjua Babati hii ni mimi, Mzee Mikidadi, mzaliwa wa Mlingotini.

Nilimkumbusha Jovita kwamba mimi ni Mwislamu. Akasema ufuko hauulizi. Nikasema hata Hija yangu mwenyewe sijaenda, magoti. Tadeo akasema kuandika hakuhitaji magoti.

Nimekubali. Sikuwaambia kwamba sijakanyaga ufuko ule tangu Aprili 1968. Hawakuuliza. Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Najua tofauti ya kusema uongo na kutoulizwa.

Jumatano, 14 Julai

Kurasa nane. Mkono unauma, lakini sijafurahi hivi tangu nistaafu.

Nimewaandikia: tembeeni kwenye mchanga mbichi, mkavu unakula nguvu. Anzeni alfajiri, pumzikeni saa tano, endeleeni saa tisa. Raba za zamani, mpya zitawachubua. Maji lita tatu kila mtu, maana visima vya karibu na ufuko vingi vina chumvi. Khanga kila mtu, hata wanaume — ni shuka, ni taulo, ni kivuli, na ni stara mkiingia kijijini. Msilale chini ya mnazi. Si kwa ajili ya mashetani. Kwa ajili ya nazi.

Na hili: mkifika kwa watu, msiombe kitu kabla hamjaulizana habari mara nne. Za safari, za nyumbani, za watoto, za afya. Sisi wa huku bara tunauliza mara moja tunaingia kwenye shida yetu. Kule huo ni utovu wa adabu.

Nikasoma tena. "Sisi wa huku bara." Nikafuta. Nikakaa. Nikarudisha.

Mto Mpiji: vukeni mdomoni, siku ya pili, Jumamosi tarehe 31, saa nne kamili asubuhi. Maji magotini. Shikaneni mikono. Hesabu yangu ni rahisi: siku hiyo mwezi umejaa, na mwezi ukijaa maji kule hutoka kabisa saa nne asubuhi. Baba alitufundisha hesabu hii kabla hatujajua alifu. Lakini sikuiandika, niliandika saa tu. Watu wa mahindi na mbaazi watafanya nini na mwezi?

Malazi. Usiku wa kwanza Mbweni, waombe kigango. Usiku wa pili Mapinga, darasa la shule, wazungumze mapema na mwalimu mkuu, wabebe mikeka. Usiku wa tatu Mlingotini.

Hapo kalamu ilisimama. Kisha ikaenda yenyewe:

"Mlingotini, nyumba ya Mwinshehe, ya tatu kutoka msikitini. Vyumba vitatu na baraza pana. Choo nyuma upande wa kusini, kisima mkono wa kulia. Msitume taarifa. Ingieni jioni, pigeni hodi. Mwenye nyumba ni mkali lakini mgeni hamrudishi. Msimtaje aliyewatuma."

Mwinshehe ni kaka yangu, amenipita miaka minne. Baba alipofariki, telegramu ilinikuta hapa Babati, mvua zimeikata barabara ya Makuyuni. Nilifika Mlingotini siku ya tisa. Baraza limejaa watu. Mwinshehe hakuinuka. Alisema, na kila mtu alisikia: "Mpeni mgeni maji."

Niliyanywa. Nikaaga siku hiyo hiyo. Miaka thelathini na sita, hakuna barua kutoka kwake wala kwangu, na wote wawili tumesoma.

Basi kama anapenda wageni, nampelekea ishirini na watatu. Wakatoliki watupu, na kwaya yao, na Tadeo.

Nimecheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Na nataka kujua kama yu hai. Hilo halimo kwenye kurasa zao.

Jumamosi, 17 Julai

Mazoezi ya kutembea ufukoni. Ufuko wenyewe ni wa Ziwa Babati, upande wa Nangara, na mchanga ni matope, lakini niliwavua viatu wote na kuwapanga mstari mmoja. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja nikitoa amri. Mwanadamu hapati nafasi kama hii mara mbili.

Lemaron, mlinzi wa ghala la mahindi, kabatizwa mwaka juzi, ndiye mwenye maswali mazuri.

"Babu, hiyo bahari ng'ombe wanakunywa?"

"Hapana. Ni chumvi."

"Yote?"

"Yote."

Alilitazama ziwa. "Sasa ni ya kazi gani?"

Nikamrudisha mstarini.

Tadeo anaogopa kaa. Ameambiwa wana mikono ya kukata. Nikamweleza, kwa uso wa mahakamani, kwamba kaa hukimbia sauti ya besi, ila iwe nzito na bila kuyumba, wanajua. Alinishukuru.

Kiboko mmoja akainua kichwa mbali kidogo. Mahujaji wote ishirini na watatu wakathibitisha kwamba miguu yao ni mizima.

Jumanne, 20 Julai

Tadeo anafanya mazoezi ya besi kwenye uzio wangu. Asubuhi na jioni. Kuku wameacha kutaga.

Alhamisi, 22 Julai

Nilimsahau Jovita ni nani. Mtunza stoo haandiki "dawa zipo" mpaka azishike.

Kapiga simu Mbweni, kigango kimekubali. Mapinga, mwalimu mkuu kakubali. Na Mlingotini ametuma taarifa. Nikasema, si niliandika msitume taarifa? Akasema, "Mzee, watu ishirini na watatu hawapigi hodi kama posta." Ametoa nakala ya kurasa zangu zote, amezituma kwa basi kwa mtawa anayemfahamu Bagamoyo, na mtawa atazipeleka mkononi kwa mwenye nyumba.

Zote? Zote. Hata ule mstari wa mwenye nyumba mkali.

Nilimuuliza kama basi limekwisha ondoka. Liliondoka jana.

Jumapili, 25 Julai

Gerson wa Mutuka anamwoza binti yake tarehe 31, na nusu ya mahujaji ni ndugu zake, nusu iliyobaki ni kwaya ya harusi. Kwa hiyo safari imesogezwa wiki moja. Wataondoka Babati Alhamisi tarehe 5 Agosti, wataanza kutembea Ijumaa, Mpiji Jumamosi tarehe 7. Jovita alipita kuniarifu. Nikasema sawa, na kama kuna mwaliko wa harusi na mimi napenda pilau.

Kutoka Mlingotini kimya. Inawezekana hakuna wa kujibu.

Jumatano, 28 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Saa nane mchana Jovita kaingia na simu mkononi na daftari kwapani. Hakungoja kiti.

"Amepiga yule mzee wa Mlingotini. Kwa simu ya mjukuu wake."

Yu hai.

Nikamwambia karibu chai. Akasema chai baadaye, kwanza masahihisho, ameyaandika yote. Akavaa miwani.

"Moja. Nyumba si ya tatu kutoka msikitini. Ni ya tano, zimejengwa mbili katikati. Mbili. Choo hakiko kusini, kilihamishwa mwaka sabini na tisa. Tatu. Kisima kilifukiwa, kuna bomba, linatoa maji Jumanne na Ijumaa. Nne. Mwenye nyumba si mkali."

Akanitazama juu ya miwani.

"Kumbe kasoma kila mstari," nikasema.

"Kasomewa, macho yake yana mtoto wa jicho. Mjukuu alimsomea, na mimi nikarudia kwa simu pale mjukuu alipokwama."

"Hata pale pa kutomtaja aliyewatuma?"

"Hapo ndipo alipokwama."

"Ukamtaja?"

"Mzee, mtu anataka kunilaza nyumbani kwake anauliza nimetumwa na nani. Nimfiche? Nikamwambia Mzee Mikidadi, karani mstaafu, Babati."

"Akasema nini?"

"Alinyamaza, nikadhani vocha imekwisha. Halafu alikohoa. Au alicheka. Mtandao ulikuwa mbaya." Akageuza ukurasa. "Halafu akauliza tarehe ya kuvuka Mpiji. Nikamwambia tumesogeza, ni tarehe saba, saa ile ile ya kwenye karatasi. Hapo akapandisha sauti. Tano, akasema. Mwambie karani, Jumamosi hiyo saa nne asubuhi maji yamejaa. Anawatupa watu wa Mungu mtoni, watu wasiojua kuogelea?"

Nilihesabu siku kwa vidole.

Wiki moja baada ya mwezi kujaa, saa za maji hugeuka. Saa nne iliyokuwa ya kutembea inakuwa ya kuzama. Mtoto wa Mlingotini wa miaka sita anajua. Mimi niliambiwa siku ya Jumapili kwamba safari imesogezwa siku saba, nikasema sawa. Nikauliza pilau.

"Maji yangefika wapi?" Jovita akauliza. Hakuwa akinilaumu, alikuwa akiandika.

"Kifuani. Kwako wewe, shingoni."

"Na yanakwenda kasi?"

"Yanakwenda."

Akaandika na hilo. Halafu akaniambia yaliyobaki: Mwinshehe atawapokea wote, ubwabwa utakuwapo, wanawake chumbani, wanaume barazani. Ila aliuliza nani anawavusha. Jovita akamjibu wanayo karatasi. Akasema karatasi haina mkono wa kushikwa.

Chai hakunywa. Namba ya simu ya yule mjukuu ameiacha mezani, chini ya kikombe.

Alhamisi, 29 Julai

Baada ya magharibi nilitoka uani kuutazama mwezi. Umebakiza kidogo kujaa. Miaka arobaini na saba tangu nihamie huku unapita juu ya Bagara, na mimi nimeutumia kwa Ramadhani tu.

Sijapiga simu. Kikombe kipo pale pale juu ya namba. Nimekunywa chai kwa bakuli.

Jumamosi, 31 Julai

Harusi ya binti wa Gerson. Pilau lilikuwa jema. Sikulifurahia.

Asubuhi niliandika upya ukurasa wa Mpiji. Saa kumi jioni badala ya saa nne asubuhi. Lakini siku zile za nusu mwezi maji hayatoki yakaisha, yanapungua tu. Mtu lazima atafute fungu la mchanga lililopo chini, na fungu huhama kila mvua. Unalijua kwa jinsi maji yanavyojikunja juu yake, na kwa rangi. Rangi gani? Niliandika "kama chai ya maziwa". Nikafuta. "Kama khaki iliyofuliwa sana." Nikafuta. Nusu saa, mistari miwili. Nimejaza majalada ya kesi za ng'ombe na mipaka mpaka kabati likapinda, na rangi ya maji nimeshindwa.

Nilimpa Jovita ukurasa chini ya turubai la harusi. Aliusoma wakati kwaya inaimba. Akaukunja, akanirudishia.

"Na wa kwanza uliuandika hivi hivi, Mzee. Kwa mwandiko mzuri."

"Huu ni sahihi."

"Siwezi kujua. Na wewe kutoka hapa huwezi kujua."

Kaongea na padri. Bila mtu anayeujua mto, hija hakuna, na mwakani padri anahamishwa, anayekuja hawamjui. Wameweka akiba ya safari hii tangu Krismasi. Mama yake Lemaron, Namunyak, bibi wa Simanjiro ambaye hajawahi kupanda basi, kashonewa gauni jeupe.

Wangeweza kupita barabara kuu, nikasema, kuna daraja. Jovita akasema wameahidi ufuko.

Kisha Tadeo akaja, jasho la kuimba usoni. "Mzee, hilo la maji nimesikia. Sasa na lile la kaa?"

Nikamwambia.

"Wiki mbili nimeimba kwenye uzio wako," akasema.

"Nilisikia."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai. Kama angekasirika ningejisikia nafuu.

Jumanne, 3 Agosti

Jovita na orodha iliyopigwa chapa. Majina ishirini na matatu, na mstari wa ishirini na nne una namba bila jina.

Nilimpa sababu zangu kwa mpangilio. Magoti. Akasema atabeba mzigo wangu Lemaron, na pale pa mchanga mkavu Lemaron atanibeba na mimi. Kuku. Elieshi wa nyumba ya nyuma atawatunza. Dini. Akasema nitasali nao nikitaka, nisipotaka nitawaonyesha kibla kiko wapi wajue na wao kitu. Umri. Akasema Namunyak ananizidi, ingawa hakuna anayejua kwa miaka mingapi.

"Kapiga tena," akasema akiwa mlangoni.

"Nani?"

"Unajua nani. Kauliza swali moja. Siku hizi unakula nini."

"Ukamwambia?"

"Ugali na mlenda, kama sisi sote."

"Akasema?"

"Akasema maskini."

Nimekasirika jioni nzima. Mlenda ni chakula kizuri. Na yeye ni nani wa kunihurumia, mtu aliyeniita mgeni kwenye msiba wa baba yangu.

Nisipokwenda hakuna hija. Hilo nimelielewa, hakuna haja ya kulizunguka. Na Mpiji siuogopi. Miguu itakumbuka, au Lemaron atanibeba. Ni pale baada ya Mapinga. Watu ishirini na watatu wamepangwa nyuma yangu kwa mstari kama nilivyowafundisha, wananitazama mgongo, na mimi ndiye wa kupiga hodi. Akitoka akisema lile neno tena, atalisema mbele ya kwaya.

Na asipolisema? Hapo ndipo sijui nitafanya nini na uso wangu.

Jumatano, 4 Agosti

Nimewapeleka kuku kwa Elieshi. Nilimwambia ni kwa tahadhari tu. Akauliza tahadhari ya nini. Nikamwambia ampe jogoo mahindi yaliyopasuliwa, mazima hayataki.

Kikombe nimekiosha. Namba nimeikariri, hakuna maana ya kuikariri, sijapiga.

Alhamisi, 5 Agosti

Saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri. Gari lipo nje, Coaster ya kukodi, taa zimewaka mpaka ukutani kwangu. Wanaimba. Tadeo kwa besi.

Naandika kwa kusimama.

Nimefungasha khanga, msala, dawa ya magoti, raba za zamani. Kisha nikatoa vyote kitandani. Kisha nikavirudisha. Nimebeba pia kilo mbili za mbaazi za hapa, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Kisha nikaona mbaazi ni zawadi ya mgeni, nikazitoa. Ndugu haleti kitu, anaingia tu. Sasa zipo mezani mbele yangu na sijui.

Dereva amepiga honi. Jovita amegonga.

"Mzee Mikidadi, unafanya nini humo?"

"Natafuta viatu."

Nimevivaa tangu niliposwali. Amechungulia dirishani, kaniona nilivyosimama, kaviona miguuni, kaziona na mbaazi. Amekwenda kuketi kwenye ngazi ya mlango wangu na daftari lake, na anawahesabu mahujaji kwa sauti, polepole, jina moja moja. Amefika wa ishirini na tatu, wa ishirini na nne hajamtaja. Ameanza upya.